Nchi ya shaba, kable za aluminiamu

MUTSHATSHA – Mtu anatoka kijijini alfajiri, anapanda pikipiki, anakula vumbi la barabara, anafika ofisini saa tatu asubuhi na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Jibu atakalopewa analijua kabla hajakaa: "Papa, rezo haiko. Rudia kesho." Hakuna anayeuliza rezo imekwenda wapi. Hakuna anayeinama chini ya meza kuangalia. Siku hizi neno "rezo" limekuwa kama neno "mvua": linatoka juu, halina mwenyewe, na hakuna mtu wa kulaumiwa.

Basi isemwe wazi. Mara nyingi rezo iko. Iko juu ya paa, iko ndani ya kisanduku chenye taa ukutani, iko hata kwenye simu ya yule yule karani anayesema haiko. Kilichokufa ni zile mita kumi za mwisho, yaani kable inayotoka kwenye kisanduku hadi kwenye kompyuta. Imekufa kwa sababu ilinunuliwa mbovu, ikafungwa vibaya, ikakanyagwa na miguu ya viti miaka miwili, na siku ilipokatika hakuna aliyeitazama. Hilo si balaa la Mungu wala la kampuni ya simu. Ni uzembe, na wanaoulipia si wale wanaoufanya.

Wanaoulipia ni hawa. Mwanafunzi ambaye jina lake halijaingizwa kwenye orodha ya mtihani wa taifa na tarehe inakaribia. Mama anayetafuta karatasi ya kuzaliwa ya mtoto na amelipa pikipiki mara mbili kwa karatasi moja. Mgonjwa ambaye hata hajui kwamba kuna kompyuta inayomhusu. Zone za afya za Kongo zinatuma hesabu zao za kila mwezi kwa mfumo wa DHIS2: wangapi wameugua malaria, watoto wangapi wamechanjwa, dawa gani imebaki. Hesabu isipofika Kolwezi na Kinshasa kwa wakati, huko juu wanaona nafasi tupu, na nafasi tupu haileti dawa. Nyuma ya nafasi hiyo tupu inaweza kuwa kichwa cha plastiki kilichovunjika ulimi, kile kidogo cha uwazi kinachoingia kwenye tundu la kompyuta. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya biskuti.

Na sasa angalia dawa inayotolewa. Anaitwa fundi. Fundi anafika, anakaa kwenye kiti cha mkubwa, anafungua kompyuta, anatikisa kichwa na kutoa hukumu: "Ordinatere iko na virusi. Lazima kuformate." Anaichukua, anakwenda nayo nyumbani siku tatu, anairudisha ikiwa safi kama sahani iliyooshwa. Barua za miaka minne zimekwenda. Orodha ya walimu imekwenda. Na intaneti? Haiko, kwa sababu kable iliyokatika ilibaki ofisini chini ya meza wakati kompyuta inapelekwa kufutwa. Wakati mwingine hali inakuwa mbaya zaidi kuliko mwanzo: Windows mpya haitambui kadi ya waya ya ile mashine, programu ndogo ya kuiendesha haimo, na kuipata lazima uwe na intaneti. Hapo fundi anadai malipo ya pili.

Kuformate ili kutibu intaneti ya waya ni sawa na kumpasua tumbo mtu aliyelala njaa. Ofisi inayokubali kulipia kazi hiyo bila kuuliza swali moja inatupa fedha ya watu.

Swali lenyewe ni jepesi, na halihitaji diploma. Taa iko? Kwenye tundu ambamo kable inaingia, nyuma ya kompyuta, karibu kila mashine ina taa moja au mbili ndogo, za kijani au za manjano. Kisanduku cha upande wa pili kina taa zake pia. Kama kable imechomekwa pande zote mbili, vyombo vyote viwili vimewashwa, na taa ya tundu haiwaki, basi Windows haina neno. Virusi havizimi taa hiyo. Tatizo liko kwenye kable, kwenye kichwa chake, au kwenye tundu, na mara chache kwenye kadi iliyofungwa. Jaribio linalofuata halichukui dakika tano: leta kable ya kompyuta ya jirani inayofanya kazi, ichomeke hapa. Taa ikiwaka, kable ya zamani ndiyo mgonjwa. Isipowaka, hamisha upande wa pili kwenye tundu lingine la kisanduku. Ikikataa bado, leta kompyuta nyingine kwenye kable ile ile. Unabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, si vitatu pamoja, maana ukibadilisha vitatu na ikapona hutajua kilichoponya.

Taa inawaka lakini kurasa hazifunguki? Hapo ndipo mtu anafungua dirisha jeusi la Windows na kuandika ipconfig. Namba ikianza na 169.254, kompyuta inasema kwa lugha yake: "Nimeomba anwani, hakuna aliyenijibu." Ina waya lakini haina anwani, kwa hiyo mtu aende kwenye kisanduku kinachogawa anwani, akizime, asubiri nusu dakika, akiwashe. Namba ikiwa ya kawaida, kwa mfano inaanza na 192.168, mtu aandike ping na namba ya kisanduku chenyewe. Kisanduku kikijibu, ndani ya nyumba ni salama, na hapo tu, si kabla, ndipo karani ana haki ya kusema kwamba tatizo liko nje. Hata hapo aandike kwanza ping 8.8.8.8. Namba hiyo ikijibu lakini majina ya kurasa hayafunguki, intaneti iko. Kinachokosekana ni ile huduma inayogeuza majina kuwa namba, na hiyo inarekebishwa kwa kuandika namba nyingine mahali pamoja.

Kuna magonjwa mawili ambayo yanaonekana kama uchawi na si uchawi. La kwanza ni la mtu mwema anayepanga vitu. Anakuta kipande cha kable kinaning'inia kutoka kwenye kisanduku cha kugawia, anaona si vizuri, anachomeka ile ncha kwenye tundu tupu la kisanduku kile kile. Kable sasa imetoka kwenye kisanduku na kurudi humo humo. Ujumbe unaanza kuzunguka bila kufika popote, unaongezeka kila mzunguko, taa zote zinapepesa kama za baa usiku wa Jumamosi, na nyumba nzima inakatika. Kompyuta zote zinaweza kuformatiwa moja baada ya nyingine na hakuna itakayopona, mpaka mtu achomoe ile ncha.

La pili ni tarehe. Umeme ukikatika kila siku na betri ndogo ya duara ndani ya kompyuta imekufa (ile ya volti 3 inayoandikwa CR2032, kama ya saa), mashine inaamka ikiamini ni mwaka mwingine. Kurasa za benki, za barua na za serikali zinakagua tarehe kabla ya kukubali mazungumzo. Zikiona mwaka wa ajabu zinafunga mlango kwa onyo jekundu. Karani anasema rezo haiko. Rezo iko. Saa ndiyo inayosema uongo, na inaonyesha uongo huo pale chini kulia kwenye kioo, mbele ya macho ya kila mtu.

Jambo linalouma kuliko yote ni lingine, na lazima lisemwe kwa sauti katika jimbo hili kuliko mahali popote duniani.

Kable ya intaneti ina nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili. Kanuni za kimataifa zinataka nyuzi hizo ziwe za shaba tupu. Lakini madukani zimejaa kable ambazo ndani ni aluminiamu, na shaba ni ngozi nyembamba tu iliyopakwa juu. Mafundi wa kweli wanazijua kwa herufi tatu, CCA. Aluminiamu inapitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi ya shaba. Kwa mita tano hutaona tofauti. Kwa mita hamsini, ukivuka kutoka jengo moja kwenda lingine, taa inawaka leo na kuzimika kesho, hasa jua likiwa kali. Ukiikunja mara mbili tatu kwenye kona ya ukuta, uzi unakatika ndani ya ngozi bila alama yoyote nje. Na ukitaka kupitisha umeme ndani yake kulisha kamera au antena ya juu ya paa, inapata joto kuliko inavyotakiwa.

Hebu mtu afikiri kidogo. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa kutoa shaba. Mwaka 2024 ilipita tani milioni 3, na sehemu kubwa inatoka Lualaba. Mgodi wa Kamoa-Kakula, magharibi mwa Kolwezi, ulianza kutoa Mei 2021. Malori ya shaba yanajipanga Kasumbalesa. Reli iliyounganisha Katanga na Lobito tangu 1931 inapita hapa hapa Mutshatsha, kwa hiyo watoto wanasimama kando ya njia wakihesabu mabehewa ya shaba yanayokwenda baharini. Halafu kutoka bahari hiyo hiyo inarudi kable ya aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, inauzwa kwa shule ya hapa, na kwenye kifuko imeandikwa maneno mazuri. Mkaaji wa nchi ya shaba anauziwa kivuli cha shaba!

Wafanyabiashara watajibu kwamba wateja ndio wanataka bei ya chini. Ni kweli, wanataka. Lakini mteja anayetaka bei ya chini hajaomba kudanganywa. Anayeuza aluminiamu aandike aluminiamu. Na mtu wa ofisi anayetumwa Kolwezi kununua, akarudi na kable nyepesi na hati ya malipo nzito, huyo si mjinga, anajua alichofanya. Uzito ndio unaomfichua. Sanduku kamili la mita 305 la aina ya kawaida lina karibu kilo 4.5 za shaba ndani yake. Lile la uongo, ukivua plastiki yote, chuma chake hakifiki hata kilo 2. Kijana anayebeba masanduku sokoni anaweza kukuambia lipi ni lipi kwa bega lake.

Na kisu pia kinatosha. Chuna sentimita moja ya uzi, ukwangue. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Ikitoka nyeupe, rudisha mali ya watu.

Baada ya kununua inabaki kufunga, na hapa pia kuna aibu. Nyuzi nane zina mpangilio wake ndani ya kichwa: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ona kwamba kijani imetenganishwa na mwenzake, na buluu mbili zimekaa katikati. Fundi wa kubahatisha anaona hilo ni kosa, kwa hiyo anapanga kila rangi kando ya mwenzake, anafanya hivyo pande zote mbili, na kimashine cha kupimia kinawaka taa zote nane. Kila mtu anapiga makofi. Lakini nyuzi zilisokotwa mbili mbili kwa kazi maalumu: kila jozi inafuta kelele za nje kwa sababu zinatembea pamoja. Ukichukua uzi mmoja kutoka jozi hii na mwingine kutoka jozi ile kubeba ujumbe mmoja, kelele zinaingia. Kwenye kable fupi intaneti itapita. Kwenye kable ndefu itakatika kila dakika kumi, na watu watamtukana mwenye mnara wa simu ambaye safari hii hana kosa. Kable inayojua mipaka yake pia haivuki mita 100. Kuna watu wanaivuta mita 150 kutoka ofisi hadi nyumba ya mkubwa ili aangalie mpira, kisha wanashangaa.

Watu wenye hasira watauliza: na umeme je? Na radi je? Wana haki ya kuuliza. Laini kubwa ya umeme kutoka Inga inakimbia kilomita karibu 1,700 na kuishia Kolwezi, tangu 1982. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye mto Lualaba tangu miaka ya 1950. Na bado vijiji na ofisi nyingi za eneo hili vinaishi kwa jenereta na sahani za jua. Umeme unaorudi kwa kishindo unaua visanduku. Hilo ni deni kubwa la taifa na litadaiwa peke yake. Lakini deni la taifa haliwezi kuwa kisingizio cha kukosa stabilizateri ukutani.

Na radi ya kuanzia Oktoba hadi Aprili haiko mbali kama deni la taifa. Kable iliyopita nje, kutoka paa hadi paa, inakusanya mshituko wa radi hata kama radi imepiga mti wa mbali. Tundu la kompyuta linakufa, mashine nyingine yote inabaki nzima. Mvua ikikusanya mawingu, mtu wa zamu achomoe plagi ya umeme na achomoe kable ya intaneti pia. Wengi wanachomoa ya umeme tu na kurudi nyumbani wakiwa na amani. Ni sawa na kufunga mlango wa mbele na kuacha wa jikoni wazi.

Wengine wanasema shida itaisha kwa satelaiti. ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ilikataza Starlink Machi 2024, kisha ikaipa ruhusa Mei 2025, na sasa kila mkutano una mtu wa kusema "tukipata Starlink". Sahani ya mbinguni ni kitu kizuri. Lakini inaleta intaneti hadi kwenye kisanduku. Kutoka kisanduku hadi kompyuta ya mezani isiyo na waifai ni kable ile ile, kichwa kile kile, miguu ya viti ile ile. Tena kisanduku cha toleo lake la pili hakina hata tundu la kable. Lazima kununua kiunganishi pembeni. Hotuba za kable kubwa zimesikika tangu WACS ilipofunguliwa Muanda mwaka 2013. Hotuba ya mita kumi za mwisho bado haijatolewa na mtu yeyote.

Na zikifika hizo mega za satelaiti au za mnara, zitakwenda wapi? Windows inaamini kwamba anayetumia kable ni tajiri: intaneti ya waya inahesabiwa haina kikomo, mpaka mtu aiambie vinginevyo. Kompyuta tano zinaachwa zimewaka usiku, kila moja inashusha masasisho yake, na forfait ya mwezi inaisha kabla ya Jumatatu. Asubuhi: "Rezo haiko." Kuna kitufe kimoja kwenye mipangilio ya Ethernet, cha kusema kwamba uunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Ni ofisi ngapi zimekigusa?

Hatimaye watasema hakuna fedha. Hapa ndipo subira inapokwisha. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazipa miji, komini, sekta na usultani ambako madini yanachimbwa asilimia 15 ya mrabaha, na inazilazimisha kampuni kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Fedha hiyo inajenga majengo ya kuzinduliwa kwa utepe. Kompyuta zinanunuliwa, zinapigwa picha, zinawekwa kitambaa juu. Koleo ya kufungia vichwa vya kable haipigwi picha. Kimashine cha kupimia hakipigwi picha. Kijana mmoja wa shule ya ufundi aliyefundishwa wiki mbili kufunga, kupima na kuandika kwenye daftari kila kable inatoka wapi na kwenda wapi, naye hana utepe. Lakini ukiweka vitu hivyo vyote pamoja, gharama yake ni ndogo kuliko ya karamu ya kupokea wageni siku ya uzinduzi, na viongozi wanalijua hilo, maana wao ndio wanaosaini hati zote mbili.

Basi wakaaji wanaoambiwa "Rudia kesho" wana haki ya kuuliza mambo matatu hapo hapo dirishani, kwa heshima, bila kugombana: Mama, taa ya kable inawaka? Tarehe ya kompyuta ni ya leo? Mmejaribu kable nyingine? Karani akijibu yote matatu na rezo bado haiko, mtu arudi nyumbani bila kinyongo. Akishindwa kujibu hata moja, mtu asiondoke. Akae kwenye benchi na karatasi zake, yeye na wenzake wa nyuma kwenye mstari, mpaka mtu ainame chini ya meza.